Sitini au Tisini? Kodeki ya Simu ya Intaneti Katika Fleti za Umoja

Ukitaka kujua kama simu ya intaneti ni nzuri, msikilize mtu akitajiwa nambari ya M-Pesa. "Sitini" na "tisini" zina sauti zile zile, ila s na t zimebadilishana nafasi. Nguvu nyingi ya s iko juu ya hezi 4,000, ilhali simu ya jadi hukata sauti karibu na hezi 3,400. Anayesikiliza hubaki akikisia, na akikisia vibaya pesa zinaenda kwa mwingine.

Anayeamua kitakachosikika ni kodeki, yaani programu inayogeuza sauti kuwa tarakimu na kuirudisha tena kuwa sauti. Ya zamani inayotumika hadi leo ni G.711 ya mwaka 1972: hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, biti 8 kila kipimo, jumla kilobiti 64 kwa sekunde. Mwaka 1996 ikaja G.729, iliyokamua mazungumzo hayo hayo hadi kilobiti 8. Kwa Kenya ya wakati huo hiyo ilikuwa neema. Kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi Mombasa mwaka 2009, na TEAMS kuufuata, mawasiliano ya intaneti ya kwenda ng'ambo yalitegemea setilaiti, na kila kilobiti ilikuwa na bei yake. Aliyechagua G.729 siku hizo alichagua vyema. Kuchelewa tu ndiko ambako asingeweza kukwepa: setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu huchelewesha sauti robo sekunde kwa upande mmoja, na mapendekezo ya kimataifa ya G.114 yanataka kuchelewa huko kusizidi milisekunde 150.

Lakini hizo kilobiti 8 hazisafiri peke yake. Sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, na kila pakiti hubandikwa anwani na maelezo ya safari ya baiti 40. Sauti yenyewe ya G.729 ndani ya pakiti ni baiti 20. Ni matatu yenye dereva na kondakta inayobeba abiria mmoja. Hesabu kamili ni kilobiti 24 kwa G.729 na 80 kwa G.711; ile tofauti ya mara nane imeshuka hadi mara tatu na kidogo.

Sasa njoo mtaa wa Umoja Innercore, jijini Nairobi, saa mbili usiku. Ghorofa nzima inagawana waya mmoja, huku mtu anatazama mpira, kule watoto wako YouTube. Kilobiti 80 ndani ya kifurushi cha megabiti 5 hazifiki hata asilimia 2, kwa hiyo nafasi ipo. Kinachokosekana ni utulivu: pakiti za sauti zinapanga foleni ndani ya ruta nyuma ya video, nyingine zinachelewa, nyingine zinatupwa. Hapo G.729 inaokoa kitu ambacho hakijapungua, na inaumia zaidi, kwa sababu hukisia kila kipande kutokana na vilivyotangulia. Pakiti moja ikipotea, kadhaa zinazofuata huharibika nayo, na sauti inakuwa ya roboti.

Jibu la kweli lilitoka Septemba 2012. Jean-Marc Valin, Koen Vos na Timothy Terriberry waliandika kanuni ya kodeki ya Opus, iliyounganisha SILK ya Skype na CELT ya shirika la Xiph. Hufanya kazi kuanzia kilobiti 6 hadi 510 na hubadilisha kiwango katikati ya mazungumzo bila simu kukatika. Ninachokienzi zaidi ni akiba yake: pakiti inaweza kubeba nakala hafifu ya ile iliyotangulia. Ya saba ikipotea, mpokeaji huitoa ndani ya ya nane. Zikipotea nyingi mfululizo, nakala hiyo haitoshi. Kwa kilobiti 24, Opus hubeba s na sh zikiwa kamili, na pamoja na anwani zake hutumia kilobaiti 600 kwa dakika, kwenda na kurudi. G.711 hutumia megabaiti 1.2. Anayenunua bando kwa siku anaijua tofauti hiyo.

Kwa hiyo ofisi ndogo ya Moi Drive, humo humo Umoja, inayofunga mitambo ya simu za intaneti iweke Opus kwanza. Ya pili iwe G.711, toleo la A-law, kwa simu zinazoingia mitandao ya kawaida, ambayo huitumia tayari, maana kukamua sauti iliyokwisha kukamuliwa huiharibu zaidi. G.729 iondolewe, hata kama matumizi yake ni bure tangu 2017. Kisha, kabla ya kulipia megabiti zaidi, mwambie fundi aipe sauti kipaumbele ndani ya ruta.

Nanyi mnaouza Wi-Fi mitaani: pamoja na megabiti, tuambieni ni pakiti ngapi hupotea katika kila mia, saa mbili usiku.