Roald Dahl alikijua Kiswahili. Je, alitujua?

Roald Dahl, mwandishi wa vitabu vya watoto aliyezaliwa Wales mwaka 1916, alipitia Mombasa mwaka 1938 akienda Dar es Salaam kuifanyia kazi kampuni ya mafuta ya Shell. Huko alijifunza Kiswahili, na maisha hayo akayasimulia katika Going Solo (1986).

Basi ungedhani lugha ilimfunza utu wa wenyewe. Wapi! Katika Charlie and the Chocolate Factory (1964), wafanyakazi wa kiwanda, Oompa-Loompa, ni Waafrika wafupi waliotolewa msituni, wakasafirishwa ndani ya masanduku, na ujira wao ni mbegu za kakao. Msomaji wa Kisauni, anayepita kila siku Frere Town walikopewa makao watumwa walioachwa huru miaka ya 1870, atayachekaje masanduku hayo?

Wamarekani weusi walilalamika, na toleo la 1973 likawageuza Oompa-Loompa kuwa weupe wa nchi ya kubuni. Lakini kilichobadilika ni rangi tu. Masanduku yalibaki, na kakao pia.

Je, tuwafiche watoto vitabu hivi? La hasha. Dahl ni mcheshi, na humtetea mtoto mnyonge mbele ya wakubwa wakatili. Tuwasomee, kisha tuwaulize: aliyekuwa ndani ya sanduku angeisimuliaje safari ile? Hadithi hiyo bado inamngoja mwandishi, na Kiswahili cha kuiandikia tunacho.