Dawa iliyohitaji siku tatu

Kati ya mwisho wa 2022 na mwanzo wa 2025, watu waliokimbia vita vya Rutshuru na Masisi walilala chini ya maturubai kandokando ya Lac Vert, magharibi mwa Goma. Kinga yao dhidi ya malaria ilikuwa chandarua, na chandarua ni dawa iliyomo ndani yake. Dawa ya zamani, pairethroidi, mbu wengi wa kanda yetu wameshaizoea. Iliyokuja kuiongezea nguvu, klofenapiri, nusura ikataliwe na kipimo chenyewe.

Kipimo cha kawaida hutumia mbu majike wapatao 25. Hutiwa kwenye mrija wenye karatasi ya dawa kwa saa 1, na baada ya saa 24 waliokufa huhesabiwa. Hilo linaifaa pairethroidi, kwa kuwa hushambulia neva na mbu huanguka upesi. Klofenapiri haigusi neva. Huingia mwilini ikiwa haina makali, kisha vimeng'enya vya mbu mwenyewe huigeuza sumu inayozima nishati ya seli. Mchana, mbu akiwa ametulia, kazi hiyo huzorota, na hesabu ya saa 24 humkuta bado hai. Tena vimeng'enya hivyo ni vya jamii ileile inayomsaidia mbu sugu kuvunja pairethroidi! Silaha yake inamrudia.

Ndiyo maana vibanda vya majaribio, kama vile vya Muheza, Tanzania, vina thamani kubwa. Mtu hulala usiku kucha ndani ya chandarua kilichotobolewa makusudi matundu 6, kila moja sentimita 4 kwa 4. Mtaro wa maji huzunguka kibanda, sisimizi wasije wakabeba maiti kabla ya hesabu. Walalaji huzungushwa, maana mbu humpenda huyu kuliko yule. Asubuhi mbu hufyonzwa mmojammoja kwa mrija, hupewa maji ya sukari na kuangaliwa hadi saa 72.

Kisha likaja jaribio la Misungwi, mkoani Mwanza. Vikundi 84 vya kaya viligawiwa kwa bahati nasibu aina 4 za vyandarua, na watoto wakapimwa damu. Baada ya miaka 2, waliokutwa na malaria walikuwa asilimia 45.8 penye pairethroidi peke yake na asilimia 25.6 penye klofenapiri ndani yake. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua hivyo.

Naliamini jaribio hilo. Lakini nyumba za Misungwi zina kuta na boriti za kufungia kamba. Lac Vert ardhi ni mawe ya volkano, mti wa hema haukuzama, na turubai liliinama mpaka kitambaa cha chandarua kikagusana na mgongo wa mtoto. Hapo mbu aliuma akiwa nje ya chandarua. Naomba watafiti wajenge kibanda kimoja cha turubai juu ya mawe hayo, watundike chandarua kama mama wa kambini alivyotundika, na asubuhi wahesabu.