Zimwi Likujualo: Mlezi katika Ngano za Kutisha

Wanafunzi wetu wengi huamini kwamba kinachoogofya katika ngano ni zimwi. Kwa maoni yangu, anayeogofya zaidi ni mlezi, kwani ndiye anayejua mtoto anapenda nini na analala wapi. Makala haya yanalitazama suala hilo katika kazi mbili za Ulaya.

Ya kwanza ni ngano za Kijerumani za ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm. Katika toleo la 1812, Hansel na Gretel wanatelekezwa msituni wakati wa njaa, na anayetoa shauri hilo ni mama yao mzazi. Anayeamuru Snow White auawe vilevile ni mama mzazi. Baadaye ngano hizo zilihaririwa: mama wa Snow White akawa wa kambo mwaka 1819, na wa Hansel mwaka 1840. Ukatili wenyewe haukuondolewa. Hadi toleo la mwisho la 1857, malkia anachezeshwa ngoma ndani ya viatu vya chuma vya moto mpaka anakufa. Kilichobadilishwa ni mkosaji tu.

Mabadiliko hayo yalimtuliza msomaji, lakini yalimtwika mama wa kambo mzigo mzito. Mzigo huo tunaufahamu, maana ngano zetu nazo zina mama wa kambo wengi katili, ilhali madarasani mwetu wamo wanafunzi waliolelewa na kusomeshwa na mama wa kambo.

Kazi ya pili ni riwaya ya Coraline (2002) ya Mwingereza Neil Gaiman. Coraline, ambaye wazazi wake wana shughuli nyingi, anapita mlangoni na kumkuta "mama mwingine" mwenye vifungo vyeusi badala ya macho. Huyu anapika vizuri kuliko mama yake na ana nafasi ya kukaa naye. Kisha anataka kumshonea mtoto vifungo machoni. Hapa hasingiziwi mama wa kambo; kinachochunguzwa ni upendo unaotaka kummiliki apendwaye. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Riwaya hii inaihoji methali hiyo: zimwi hili ni hatari kwa sababu linamjua mtoto.

Hata hivyo, kazi zote mbili zina upungufu mmoja. Baba wa Hansel anakubali shauri, anashiriki kuwapeleka wanawe msituni, na mwishoni wanarudi kwake kwa furaha. "Baba mwingine" wa Coraline naye ni kiumbe dhaifu anayetumwa tu.

Wanafunzi wetu hapa Uganda huja na ngano walizosikia kwa Kiganda, Kinyankole au Kiacholi. Walimu wenzangu, tuwape nafasi ya kuzisimulia upya kwa Kiswahili, bila kuzipunguza makali. Wakimaliza, tuwaulize swali moja: baba alikuwa wapi?