Fani ya Kucheza Pungufu

Katika fani zote za kandanda, iliyo adimu kusifiwa ni ile ya kucheza pungufu. Mfungaji ana washangiliaji wake, mlinda mlango ana picha yake gazetini, na mwalimu wa timu siku ya ushindi hubebwa mabegani. Lakini timu iliyoingia kiwanjani na nakisi ya mtu, ikahimili kishindo cha wenzao waliotimia hadi kipenga cha mwisho, aghalabu hupewa pole, kana kwamba lililotendeka ni msiba uliovumiliwa. Nia yangu katika insha hii ni kuirudishia kazi hiyo heshima yake, maana naamini kwamba kucheza pungufu ni fani kamili, yenye kanuni zake, maarifa yake na adabu yake, na kwamba mtu aweza kuisoma hata Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, mbali na viwanja vikubwa vya miji ya pwani.

Mji huu, ulio takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Mbizi, si mgeni wa kandanda la fahari: tarehe 2 Agosti 2020, fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa hapa katika Uwanja wa Nelson Mandela, Simba wakaifunga Namungo 2-1. Lakini darasa ninalolisema liko katika viwanja vidogo, saa za jioni, vijana wakishindana watano kwa watano katika ligi wanazoziendesha wenyewe kwa michango yao. Hao ni mafundi, madereva, wauza duka na wakulima. Hawalipwi kwa mpira, na kwa sababu hiyo mpira hauna haki ya kwanza juu ya siku yao. Mvua za Novemba zikianza, mmoja amebaki shambani. Mahindi yakipata mnunuzi, mwingine amepanda lori kwenda Tunduma. Na msiba ukitokea jirani, hapana mwungwana atakayeuacha kwa ajili ya mechi. Basi saa ikifika na watu wakiwa wanne, hucheza wanne. Hata sheria za futsal zawaruhusu, kwani mchezo huo waweza kuanza maadamu kila upande una watu watatu.

Hasara ya mtu mmoja haina uzito mmoja mahali pote. Kati ya kumi na mmoja, akikosekana mmoja, kiwanja kina upana wa kumsitiri; kati ya watano ni sehemu ya tano ya timu iliyopotea, na ukimtoa kipa katika hesabu, watatu wanawakabili wanne. Daima kuna mpinzani mmoja asiye na mtu wake, na hewa ya uwandani, iliyo nyepesi kuliko ya pwani, haimsamehi anayekimbia mbio za wawili.

Msingi wa fani hii ni kukubali kwamba pengo halizibiki. Timu changa ikipungua mtu hukimbilia kuliziba: kila mmoja hujitahidi kuwa wawili, akaufuata mpira kila uendako, na kabla ya kipindi cha kwanza kwisha pumzi zimekatika na mapengo yamekuwa matatu. Timu iliyokomaa ina tadbiri nyingine, nayo ni kulihamisha pengo, ikalichagulia mahali ambapo mpinzani akilikuta halimfai kitu.

Niliwatazama vijana wanne wakifanya hivyo jioni moja ya Julai, upepo wa kipupwe ukitimua vumbi la kiwanja. Watatu waliokuwa mbele ya kipa walijipanga pembetatu, hatua chache baina yao, na mpira ulipokuwa ubavu wa mashariki wote walisogea mashariki, wakamwacha mpinzani wa magharibi peke yake mstarini, mkono juu, akiomba pasi. Mtazamaji wa haraka angedhani ni uzembe. Lakini pasi ya kumfikia ilikuwa lazima ikate kiwanja kizima, na kabla haijatua mguuni pake pembetatu ilikuwa imekwisha geuka na kumkabili. Yule wa kati hakuutazama mpira peke yake: alisimama kiubavu, mguu mmoja mbele, bega moja likielekea mpira na jingine likielekea yule aliyeachwa, hata akiwa hamwoni sawasawa ajue alipo. Hakumvamia mwenye mpira kwa pupa. Alimsindikiza pole pole hadi pembeni, akamnyima mguu wake wa nguvu, mpaka mwenyewe akarudisha mpira nyuma. Na kipa kila alipoudaka hakuubutua. Aliulaza chini, akawaambia wenzake neno moja, “Poza,” kisha akatoka langoni kuwa mtu wa nne wa kupokeana pasi, ili kila dakika waliyokaa na mpira iwe dakika ya kupumua. Mchezo uliisha sare ya 1-1, nami niliondoka nikijua kwamba nimeona kazi ya mafundi.

Wafipa wa zamani walikuwa na sanaa ya chuma iliyofuata akili hiyo hiyo. Malungu yao, tanuri za udongo zilizofika kimo cha mita 3, ambazo baadhi yake zimesimama hata leo uwandani, zilijengwa ndefu ili hewa ipande yenyewe kupitia matundu ya chini. Hivyo kazi ambayo pengine ilihitaji watu wa kuvukuta kutwa kucha, huku ilitendwa na umbo la tanuri, na mivukuto ikatumika baadaye katika tanuri ndogo za kusafishia chuma. Penye uhaba wa mikono, umbo hufanya kazi ya mikono. Na pembetatu ya wale vijana ni umbo la namna hiyo.

Mwenye kudhani kwamba hayo ni mambo ya viwanja vya vumbi tu, na awakumbuke ndugu zetu wa Komoro. Tarehe 24 Januari 2022, katika fainali zao za kwanza za Kombe la Mataifa ya Afrika, waliingia Uwanja wa Olembe mjini Yaoundé kuwakabili wenyeji Kameruni bila kipa hata mmoja, kwa kuwa mmoja aliumia na wengine walizuiwa kwa sababu ya korona. Beki wa kushoto, Chaker Alhadhur, alivaa jezi ya kipa iliyobandikwa namba 3 kwa utepe, akasimama langoni. Dakika ya 7 nahodha Nadjim Abdou alitolewa kwa kadi nyekundu. Watu kumi, wala hapana kipa miongoni mwao; na bado walifungwa 2-1 tu, Alhadhur akiokoa mara kadhaa, na bao lao likipigwa na Youssouf M'Changama kwa mpira wa adhabu kutoka mbali, dakika ya 81. Hawakuwa na muda wa kulilia waliokosekana, maana kila fikra yao ilikuwa kwa waliopo.

Lakini sifa isiyo na mpaka hugeuka kuwa dhuluma. Agosti 2023, Kitayosce ya Tabora, ikiwa na matatizo ya usajili, iliingia Chamazi dhidi ya Azam na wachezaji wanane. Ikafungwa mabao 4 kwa muda mfupi, wengine wakaumia, na walipobaki pungufu ya saba mwamuzi akaumaliza mchezo kwa mujibu wa sheria. Wale vijana hawakukosa ushujaa. Walikosa watu, na fani haiwezi kuhamisha pengo lililokuwa kubwa kuliko kiwanja. Kwa hiyo kiongozi asiichukue insha hii kuwa udhuru wa kutokamilisha vibali, wala nahodha asiitumie kumzoeza mwenzake kutofika. Aliyekwenda msibani tunamwelewa. Aliyelala tu nyumbani amewatwika wanne mzigo usio wao.

Faida ya fani hii huonekana zaidi siku timu inapotimia. Mchezaji aliyewahi kulinda kiwanja na wenzake watatu hujua thamani ya kila hatua, hapotezi mpira kwa mbwembwe, na akimwona wa tano akifunga kamba za viatu anajua barabara ni kazi gani imekuja kiwanjani. Timu kama hiyo haimhesabu mtu yeyote kuwa wa kawaida. Na timu isiyomhesabu mtu yeyote kuwa wa kawaida ni ngumu kufungwa.