"Agwaya": Santuri Isiyodaiwa na Mji Uliozaa Bendi Yake

Ziko kazi za sanaa ambazo hupotea si kwa udhaifu wake, bali kwa kukosa mwenyewe wa kuzidai. Mojawapo, kwa maoni yetu, ni santuri ya "Agwaya" ya Orchestra Makassy, iliyorekodiwa Nairobi na kutolewa mwaka 1982 na kampuni ya Virgin ya Uingereza. Mara nyingi bendi hii huhesabiwa kuwa ya Wazaire, au ya Dar es Salaam, au ya Nairobi. Ni wachache wanaokumbuka kuwa ilizaliwa hapa Kampala mwaka 1975, chini ya uongozi wa Mzee Makassy.

Nasaba ya muziki wake ni ndefu. Tangu mwaka 1933 santuri za Kikuba zenye alama ya G.V. zilianza kuenea Afrika, na vijana wa Kongo wakazitegea sikio. Kazi iliyofanywa Havana na piano na tarumbeta, wao waliikabidhi magitaa. Bendi nyingi zilijipa jina la "jazz", ingawa damu iliyokuwa ikipita katika mishipa yao ilikuwa ya Kuba kuliko ya New Orleans.

Urithi huo unasikika katika "Agwaya". Gitaa moja hushika mwendo, la pili hulijibu, na la solo hupanda juu yao bila kuwakanyaga, huku besi na tumba zikilinda mlango. Wimbo huanza kwa utulivu, waimbaji wakitoa maneno yao. Kisha huingia sebeni, maneno yakapungua na magitaa yakatwaa uwanja. Miongoni mwa wapigaji alikuwamo Mose Fan Fan, aliyepata kuwa katika OK Jazz ya Franco, na "Mosese" ni wimbo wake. Solo yake ni ya mtu mwenye mengi ya kusema lakini asiye na papara: hurudia kifungu kimoja, akakigeuza kidogo, akakirudia tena, hata msikilizaji akadhani ni yeye aliyekibuni.

Sisi walimu tuna sababu nyingine ya kuisikiliza. Lingala na Kiswahili vinakaa katika santuri hii kama majirani wema, na baadhi ya majina ya nyimbo yanatosha kuwa somo. "Mambo Bado" ni sentensi kamili isiyo na kitenzi. Neno moja, "bado", limebeba onyo, subira na matumaini. "Kufilisika Sio Kilema" lina sura ya methali. Mshika sarufi atauliza mara moja kwa nini "sio" badala ya "si". Tunamwunga mkono, lakini tunamwomba asiishie hapo. Awaulize wanafunzi ni kwa nini ulimi wa watu umechagua "sio", na kama wazo lenyewe, kwamba umaskini hauondoi utu wa mtu, limepungukiwa na chochote.

Hatusemi kwamba kazi hii haina kasoro. Upande mmoja wa santuri hubeba dakika ishirini na ushei tu, na muziki uliozoea kukesha ukumbini umebanwa humo. Mara nyingine sebeni hukatika ndipo tu miguu ilipokwisha kukolea. Anayetaka kujua nguvu yote ya bendi ya dansi hataipata katika santuri peke yake.

Hata hivyo, kinachotushughulisha zaidi ni historia. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilitangaza kwa amri kuwa Kiswahili ni lugha ya taifa la Uganda. Miaka miwili baadaye bendi hii ikaundwa. Na hali ya nchi chini ya serikali ile ile ndiyo iliyoisukuma kuhamia Dar es Salaam. Huko ndiko Remmy Ongala, jamaa yake Mzee Makassy, alikojiunga nayo mwaka 1978, kabla ya kuvuma na Super Matimila. Les Kinois ya Samba Mapangala nayo ilipita Kampala, ikahamia Nairobi mwaka 1977. Basi amri ilibaki, na waliojua kuifanya lugha ipendwe wakaondoka. Si ajabu kwamba kwa Waganda wengi Kiswahili kilibaki na harufu ya kambi ya jeshi na kizuizi cha barabarani.

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni kwa lazima. Twalipokea azimio hilo kwa furaha, lakini tumekwisha kuona kikomo cha amri. Mwanafunzi wa Kampala anahitaji kusikia lugha hii ikibembeleza, ikitania na ikiliwaza. Sehemu kubwa ya rekodi za Makassy ilitolewa tena baadaye katika diski iitwayo "Legends of East Africa", hivyo udhuru wa kukosa santuri ya zamani haupo. Mwalimu na aipeleke darasani, aicheze mara mbili: mara ya kwanza kwa masikio tu, mara ya pili kwa kalamu mkononi. Na kabla ya kengele kulia, awaambie wanafunzi wake bendi hii ilizaliwa wapi.