Udi Usiotoka Mwezini: uzee na ugeni katika By the Sea

Mshairi wa mwambao anapoutaja udi, msomaji hahitaji kuelezwa. Chetezo kimeshawaka, nguo zimeshafukizwa, na mwenye kungojewa yumo njiani. Katika ushairi wetu harufu hiyo ni ya furaha na heshima, na imetajwa mara nyingi hata imekaribia kuwa pambo tu. Abdulrazak Gurnah, katika riwaya yake By the Sea iliyotoka mwaka 2001, ameitoa harufu hiyo katika mazowea yake. Ameutia udi ndani ya kijisanduku, akampa mzee Saleh Omar, akampandisha ndege hadi Uingereza. Katika uwanja wa Gatwick ofisa wa uhamiaji anaupekua mzigo wa mzee huyo anayeomba hifadhi, anakiona kile kijisanduku, anakitamani, na anakichukua. Kitu pekee cha thamani alichotoka nacho kwao kinamtoka mlangoni mwa nchi ya watu.

Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, akaondoka mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa kijana, na hakuweza kurudi hata kwa matembezi mpaka mwaka 1984. Alisomesha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent mpaka alipostaafu mwaka 2017, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel. Alipoiandika By the Sea alikuwa mtu wa makamo, mwenye kazi na wanafunzi. Uzee wa ugenini aliuandika kabla haujamfikia. Sasa kwa kuwa mwandishi mwenyewe ni mstaafu aliyezeekea mbali na kwao, kitabu hiki kinastahili kusomwa upya, kwa sababu kilichokuwa dhana ya mwandishi kimekuwa ndiyo hali yake ya umri, ijapokuwa si hali yake ya maisha. Saleh Omar ni mkimbizi asiye na kitu. Aliyemwandika si hivyo. Kinachowakutanisha wawili hao ni kazi ya kukumbuka.

Siku za Saleh Omar katika mji mdogo wa pwani ya Kiingereza hazina makubwa. Anatembea, anasikiliza sauti za majirani, anatazama bahari isiyofanana na aliyoizowea, na anapita katika maduka ya samani. Kwao alikuwa mfanyabiashara wa samani, mjuzi wa mbao na kazi ya mkono, na mguu haujasahau njia ya duka. Safari zake za sasa ni fupi, lakini safari za fikira ni ndefu: zinafuata kaskazi na kusi, zinapita Bahrain, zinafika hadi Malaya, pamoja na wafanyabiashara waliokuwa wakija kwa majahazi kila mwaka. Ustadi wa Gurnah umo katika namna anavyozichanganya safari hizi mbili bila ya kelele. Sentensi inaanza katika chumba cha ugenini, na kabla msomaji hajatanabahi amekwishasimama katika duka la Unguja, bei ya meza inajadiliwa.

Moyo wa kitabu, hata hivyo, umo katika jina la ule udi. Mzee anauita ud-al-qamari. Kwa mwenye kujua Kiarabu, au kwa Mswahili aliyepita chuoni, neno hilo linaelekeza kwenye qamar, yaani mwezi: udi wa mwezi. Hata yeye Saleh Omar aliamini hivyo kwa muda mrefu. Baadaye akatambua kwamba qamari ni neno lililopotoka, na kwamba asili yake ni jina la Wakhmer, watu wa Kambodia, kulikotoka udi bora. Wasafiri waliibeba bidhaa pamoja na jina lake; bidhaa ikafika salama, jina likaharibika njiani, na uharibifu huo ukazaa uzuri.

Hapa ndipo panapopatikana hoja ya riwaya nzima. Kumbukumbu ya mtu aliye mbali hufanya kazi kama neno hilo. Mahali halisi penye watu, mizani na madeni hugeuka kuwa mwezi. Waandishi wengi wa ughaibuni wametosheka na mwezi huo, na wasomaji wao wa nyumbani wamewashangilia. Gurnah hatosheki. Katika hotuba yake ya Nobel ya Disemba 2021 alieleza kuwa aliona historia nyingine iliyo nyepesi ikijengwa juu ya ile aliyoijua, na kwamba ilimlazimu kuikataa. By the Sea ni kukataa huko kwa vitendo.

Ndiyo maana nyumbani anakokukumbuka Saleh Omar si bustani. Ni mji wa hati na rehani. Mfanyabiashara Hussein anakopa kwake fedha, na dhamana anayoiweka ni hati ya nyumba ya mtu mwingine, Rajab Shaaban Mahmud. Hussein harudi. Saleh anaidai nyumba kwa sheria, na sheria inampa. Je, haki ilimpa? Kijana wa nyumba ile, aliyekuja dukani kuomba irudishwe meza moja ndogo ya mpingo akaondoka mikono mitupu, miaka mingi baadaye ni Latif Mahmud, mwalimu na mshairi katika mji wa London. Anapokuja kuonana na mzee, kila mmoja ana hadithi yake, na kila hadithi inaitia dosari ya mwenziwe. Saleh naye amekwisha kulipa kwa njia yake: baada ya Mapinduzi ya 1964 alifungwa miaka mingi, na alipotoka mke na mtoto walikuwa wamekwishakufa. Pamoja na hayo, mwandishi hauruhusu msiba uifute hesabu. Mateso hayamfanyi mtu kuwa hakukosa.

Kitabu kina upungufu wake, na haufai kufichwa nyuma ya tuzo. Kukutana kwa wazee hawa kwa sababu tu mtumishi mmoja wa kusaidia wakimbizi alitafuta mkalimani ni sadfa iliyo rahisi mno. La pili ni zito zaidi. Katika mahakama hii ya kumbukumbu wenye kusema ni wanaume wawili. Salha, mke wa Saleh, na Asha, mama yake Latif, wanasemewa. Asha khasa anafikishwa kwetu kwa macho ya mwana aliyemwonea haya na ya jirani aliyesikia uvumi. Riwaya inayofundisha kwamba kila khabari ina upande wa pili imewaacha wanawake wake bila ya upande.

Limebaki suala la lugha, ambalo msomaji wa visiwani hawezi kulikwepa. Saleh Omar anafika Uingereza akijifanya hajui Kiingereza, kwa kuwa ndivyo alivyoshauriwa. Lakini kitabu kizima anatusimulia kwa Kiingereza kizuri. Kejeli hiyo ni ya makusudi. Kuna jambo jingine ambalo huenda si la makusudi. Wanapokaa Saleh na Latif, Kiingereza kinawapa neno moja tu la kuitana, lisilo na umri wala daraja. Mswahili angelazimika kuchagua. Latif angemwamkia shikamoo mtu aliyeichukua nyumba ya babake? Angemwita mzee, ami, bwana, au angelimtaja kwa jina kavu? Katika salamu hiyo moja kesi nzima ingekuwa imekwisha kuhukumiwa au kuahirishwa. Gurnah anaijua nguvu ya jambo hili: katika Paradise ya mwaka 1994, Khalil anamkanya Yusuf asimwite Aziz kwa jina la udugu, amwite Seyyid, na kwa neno hilo mtoto anaanza kufahamu kuwa yeye ni rehani ya deni la babake. Riwaya hiyo ilifika kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ilichukua miaka 28, nayo ni hikaya ya watu wa pwani hii.

Tafsiri za namna hiyo hazirudishi mwandishi nyumbani. Mtu aliyezeekea ugenini kwao ni pawili. Zinachorudisha ni majina. Kila nyumba ya mwambao leo ina mtu wake Muscat, London au Toronto, na baina ya waliobaki na walioondoka kila upande umejitengenezea mwezi wake: huku panadhaniwa kuna neema tupu, kule panakumbukwa kana kwamba hapakuwa na ugomvi. By the Sea inawaomba wote wawili walitamke jina la asili. Udi unanukia vilevile hata ukijulikana haukutoka mwezini.