Pongezi kwa Wanaoitunza Karura

Ukitaka kujua Nairobi imebahatika kiasi gani, ingia msitu wa Karura asubuhi ya Jumamosi na marafiki, kila mtu na baiskeli yake. Sisi tulikodi humo humo. Fundi hakutukabidhi hivi hivi: alibana breki moja moja, akainua kiti cha mwenzetu mrefu, akazungusha pedali huku akisikiliza cheni inavyopita kwenye gia. Ndipo akasema, "Haya, nendeni salama."

Njia zenyewe zinahitaji mikono kila msimu. Udongo mwekundu wa huku ukinyeshewa huteleza vibaya, na maji yasipotolewa pembeni huila njia yote. Tuliteremka kuelekea maporomoko ya maji tukipiga kelele kama watoto, tukipunguza mwendo kila tulipowafikia watembea kwa miguu.

Msitu huu wa zaidi ya hekta 1,000 uliponea chupuchupu kugawanywa viwanja. Mwaka 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa walipokuja kupanda miti kupinga ugawaji huo. Leo wanajamii huutunza wakishirikiana na Huduma ya Misitu ya Kenya. Walinzi, mafundi, wasafisha njia: hongereni sana, tena kwa moyo wote.